Bukari ya Chokaa

Mwanaume niliyempenda kwa miaka mitano alimleta dada yake anikague siku ambayo kuta za Guangzhou zilikuwa zinatoka jasho.

Wanaoishi huku wanaijua hali hiyo ya Machi. Joto linarudi ghafla kutoka kusini, na sakafu, vioo na dari vinalowa bila tone la mvua kudondoka. Nguo ulizofua Jumatatu unazianua Ijumaa zikiwa bado mbichi. Nilikuwa nimesimama jikoni tangu saa kumi na moja alfajiri. Sasa ilikuwa saa tisa alasiri, wateja wa mchana wameondoka, wa jioni hawajaanza kuja, na kitu pekee nilichokitamani duniani kilikuwa kiti.

Badala ya kiti nikapata wifi.

“Bon. Njo huyu?” alisema mwanamke mnene mwenye kitenge cha buluu, kabla hata hajavuka kizingiti.

Nyuma yake alisimama Christophe, mikono yote miwili imejaa mifuko ya mikoba ya sampuli waliyotoka kuinunua kwenye soko la Shiling. Alinitazama kupitia bega la dada yake. Ule mtazamo naujua tangu mwaka 2002: macho ya mtu anayekuomba msamaha kwa jambo ambalo bado halijatokea. Zamani niliudhani ni upole.

“Sia, huyu ni Ya Laurette, dada yangu mkubwa. Ya Laurette, huyu ni Sia.” Hiyo “Ya” kwao ni neno la kumheshimu mkubwa wako.

“Shikamoo, wifi,” nikasema, nikapiga goti kidogo.

Akamgeukia Christophe. Kwao Lubumbashi salamu hiyo hawana. “Anasema nini?”

“Anakuamkia kwa heshima.”

“Ah. Mambo ya heshima tutaiona kwa chakula.” Akakaa, akavua viatu chini ya meza bila haya, akaanza kujisugua nyayo. “Kutembea ya huku ni kama azabu. Dis donc, na huyu mwanamke amekonda hivi juu ya nini? Haumupatie chakula?”

“Anafanya kazi mahali pa chakula, Ya Laurette.”

“Njo nashangaa.”

Nilicheka. Sikutaka kucheka, lakini nilicheka, na yeye akaficha tabasamu lake ndani ya kitambaa cha kujifutia jasho. Dakika hiyo moja nilidhani tutapendana.

Niwaambie kilichokuwa mezani. Jumamosi ile Christophe alikuwa anaondoka China moja kwa moja. Miaka minane ya kusimamia makontena ya watu bandarini Huangpu ilikuwa imemtosha. Mgongo wake umekwisha, na ndoto zake, alisema, zilikuwa zimeanza kuwa za rangi ya kontena. Alitaka turudi wote Lubumbashi, niwe mke wake mbele ya watu. Lakini mama yake alikuwa ametuma neno: Mtanzania asiyejulikana na mtu haingii nyumbani kwake mpaka Laurette amwone kwa macho na ale chakula cha mkono wake. Laurette akisema ndiyo, mama atasema ndiyo. Laurette akisema hapana, basi.

“Na wewe utasema nini?” nilimuuliza Christophe siku aliponiletea habari hiyo.

“Mimi nitasema nini tena, chérie? Ni familia.”

Nilikuwa na miaka thelathini na sita. Nilitaka kwenda. Nisijifanye jasiri hapa. Nilitaka kwenda kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Nilikuwa nimechoka kulala chumba ambacho dirisha lake linagusa dirisha la kiwanda cha mashati, cherehani zikilia ubavuni mwangu usiku kucha. Nilitaka kumwamkia Christophe kila siku mpaka tuzeeke.

“Nipikie bukari,” Laurette akasema. “Siku nane nakula tambi. Kwetu, bibi ya mutu, kitu ya kwanza anatupikia ni bukari. Akijua kusonga, tunajua moyo yake.”

Bukari ndiyo ugali wetu. Nikaitika, nikaingia jikoni, na huko nikakumbuka kwamba sembe ilikuwa imekwisha tangu juzi. Duka la unga wa Kiafrika liko Xiaobei, zaidi ya saa nzima kwa basi, kwenda tu. Chini ya meza kulikuwa na ndoo moja ya mahindi. Mahindi ya Laoban.

Laoban ndivyo tunavyowaita matajiri wote huku, hata wasio na kitu. Wangu alikuwa mzee Leung, mwenye miaka sabini na minne, na mgahawa wake ulikuwa na meza tano pembeni mwa kijiji cha Kangle, hatua chache tu kutoka masoko ya vitambaa. Aliuza vyakula vya Meksiko. Wanunuzi wa vitambaa kutoka Meksiko na Kolombia walikuja, wakala, wakatoka wakijifuta machozi, na hayakuwa ya pilipili. Mama yake Leung alikuwa Mmeksiko, wa jimbo la Sonora. Mwanzoni mwa miaka ya thelathini Wachina walifukuzwa kule, na wengine waliondoka na wake zao na watoto. Sheria ya kwao ilisema mwanamke akiolewa na mgeni anapoteza uraia. Mwanaume akioa mgeni anabaki nao. Hilo aliniambia mara moja tu, miaka minne iliyopita, na sijalisahau wala sitalisahau. Mama yule alishuka hapa Guangdong na mtoto mgongoni, akafika kijijini kwa mumewe, akakuta mke mwingine mlangoni, wa siku nyingi, mwenye haki zote.

“Baba alisema nini?” nilimuuliza Laoban siku hiyo.

“Alisema ana njaa,” akajibu.

Basi mama yake akapika. Alipika tamale, unga wa mahindi uliokandwa kwa mafuta ya nguruwe, ukafungwa na kuchemshwa kwa mvuke. Huko kwao hufungwa kwa maganda ya mahindi. Huku akatumia majani ya mwanzi, mpaka majirani wakadhani ni chakula cha Kichina alichokikosea. Watu wa kule walikuwa wanapika tamale tangu kabla Mhispania wa kwanza hajashuka melini. Walikuwa na miiko yake pia. Tamale iliyoganda kwenye sufuria, mwanaume asile, mshale wake utakosa vitani. Mwanamke asile, mtoto atagandia tumboni. Padri mmoja wa Kihispania aliyaandika hayo zaidi ya miaka mia nne iliyopita. Laoban aliamini. Nikibandua iliyoganda nikataka kuitia mdomoni, alinipiga kofi la kiganjani. Mtoto sina, naye alikuwa anajua, na hakuna aliyewahi kunihurumia kimyakimya namna hiyo.

Mengi nilijifunza jikoni kwake. Mchuzi wa mole, ule mweusi wenye pilipili na chokoleti, watu wanasimulia kwamba uligunduliwa na mtawa wa Puebla, mgeni mkubwa alipofika kanisani kwa ghafla. Jina la mtawa lipo. Majina ya wanawake wenyeji wa kule waliopiga magoti kwenye jiwe la kusagia hayapo, ingawa neno lenyewe, mole, ni la lugha yao na maana yake ni mchuzi tu, na walikuwa wakiula kabla utawa haujafika kwao. Nyama ya taco, ile chapati yao ya mahindi ya kukunja, nyama inayozunguka motoni kwenye chuma kirefu, ililetwa na Walebanoni. Siku nilipomweleza hayo Msabaha, kijana wa Tanga anayesomea udaktari hapa, alisukuma sahani.

“Dada Sia, unaniambia hii ni shawarma?”

“Ilikuwa. Ilipofika Meksiko wakaiwekea nguruwe.”

“Yaani imeritadi! Lete maharage.”

Lakini jambo lililonikaa moyoni kuliko yote lilikuwa chokaa. Wameksiko hawasagi mahindi makavu kama sisi. Wanayachemsha na chokaa, wanayalaza majini mpaka asubuhi, wanayaosha mara tatu, nne, mpaka maganda yatoke, ndipo wanasaga. Mimi ni wa Marangu. Nilidhani ni kama magadi kwenye makande, kulainisha tu.

“Mama alisema bila chokaa tumbo linashiba na mwili unabaki na njaa,” Laoban aliniambia.

Sikutosheka. Nilimsumbua Msabaha mpaka akanitolea kurasa kumi na moja katika maktaba ya chuo chake, nikazisoma wiki tatu na kamusi mkononi. Nilizisoma kwa hasira, nitawaambia kwa nini, lakini kwanza niwaambie nilivyoharibu.

Nilikuwa nimechoka. Mahindi ya kwenye ndoo yalikuwa yamelala na chokaa tangu jana, na yalikuwa hayajaoshwa. Niliyapitisha maji mara moja, nikayasaga kwenye mashine, nikachemsha maji na kusonga. Mwanamke wa kwetu akiona unga wa mahindi na maji ya moto, mikono haimuulizi ruhusa. Ukaiva wa manjano, wa kuvutika, unanukia nyumba iliyopakwa rangi jana. Nikauona. Nikajisemea samaki atauficha.

Nikautoa na samaki wa kukaanga na mchicha. Christophe akainua macho, akauona, akayashusha. Laurette akanawa, akamega tonge, akatia mdomoni.

Akaacha kutafuna.

“Umeweka nini humu?”

Ningeweza kudanganya. “Chokaa, wifi. Samahani, sikuya—”

“Chokaa?”

“Ya chakula. Haidhuru, ni—”

Alitema tonge kiganjani, akasimama na miguu yake mitupu kwenye sakafu ile iliyolowa. “Christophe! Umesikia kwa masikio yako? Anasema mwenyewe! Chokaa kwa bukari! Wa pili huyu! Wewe unawatoa wapi?”

“Ya Laurette, keti. Siyo vile.”

“Wa pili nani?” nikauliza.

Nje, mkokoteni wa magurudumu matatu uliojaa majora ya vitambaa ulipita ukipiga kengele.

“Christophe. Wa pili nani?”

“Hadassa,” akasema, akiitazama meza.

Hadassa nilimjua kwa jina. Mke wake wa kwanza. Aliniambia waliachana, maisha yalikuwa magumu, kila mtu akashika njia yake. Miaka mitano nililibeba hilo kama lilivyo, sikulipekua.

“Ulisema mliachana.”

“Tuliachana.”

“Mi nilimufukuza,” Laurette akasema. “Mi mwenyewe. Na leo ningemufukuza tena. Alikuwa anamutilia Mama sumu kwa bukari. Mama alianza kuungua.”

“Kuungua vipi?”

“Ngozi. Wewe unauliza juu ya nini?”

“Wifi, nakuomba. Ngozi iliungua wapi?”

Labda ni sauti yangu. Alinitazama, akakaa tena, na akaanza kuonyesha kwenye mwili wake mwenyewe. “Hapa. Shingo yote, kama mukufu. Mikono, mpaka hapa, kama glove. Pale nguo haifunike. Ngozi ikawa nyeusi, ikapasuka. Kisha tumbo, kuharisha kila saa. Kisha kichwa. Alikuwa anaita batu walikufa zamani. Alikuwa anamulilia Hadassa, anamwita mama yake.”

“Mwaka gani?”

“Tisini na ine. Kompani ya mugodi ilikuwa imeacha kulipa batu. Tulikuwa tunakula bukari na chumvi, asubuhi bukari, jioni bukari. Hadassa njo alikuwa mupishi.”

Nikaiweka mikono chini ya aproni.

“Na mama alipona vipi?”

“Tulimufukuza yule, kisha tukamupeleka Mama Kasenga kwa mujomba, kule kwa mto. Miezi mbili tu! Ngozi ikarudi kama ya mutoto. Hauone? Sumu ilienda na mwenye sumu.”

“Huko Kasenga alikula nini?”

“Samaki. Karanga. Kule samaki ni mingi.” Alikuwa mwanamke mwenye akili sana. Niliona kabisa akili yake inafika mahali fulani na kukataa kuingia. “Juu ya nini unauliza hivi?”

Laoban alikuwa ametoka nyuma, taulo begani. Kiswahili hakijui, ila sura za watu anazijua. Akaniuliza kuna nini. Nikamweleza kwa Kichina changu cha jikoni, na nilipofika kwenye ule mkufu wa shingoni akafunga macho.

“Waambie,” akasema.

Nikawaambia. Niliwaambia kwamba mahindi yalitoka Meksiko, na kwamba watu wa kule walikuwa na akili ya chokaa maelfu ya miaka. Wazungu walipofika walichukua punje, wakaacha chokaa. Waliona ni upuuzi wa wanawake wasioitwa kitu. Yakavuka bahari peke yake. Na kila yalikokwenda kuwa chakula cha pekee cha maskini, Hispania, Italia, kusini ya Marekani, watu walianza kuungua shingo na mikono, wakaharisha, wakapotewa na akili. Maelfu. Walifungiwa hospitali za vichaa. Jina lake pelagra. Wakubwa walisema ni uchafu, ni damu mbaya, ni maambukizo. Ilikuwa njaa. Ndani ya mahindi kuna kirutubisho ambacho mwili hauwezi kukifungua bila chokaa, na asiye na samaki, nyama wala karanga hakipati kwingine.

“Na sisi wakatuletea vivyo hivyo,” nikasema. “Gunia bila maelezo. Nimeyasoma haya mwenyewe, wifi, kurasa kumi na moja, nikalia. Hadassa hakuweka kitu kwenye bukari. Mama aliugua kwa sababu ndani ya ile bukari hakukuwa na kitu. Na nyinyi mlimponya kwa samaki na karanga, mkasema mmemponya kwa kumfukuza mtu.”

Jasho la dari likadondoka kwenye sahani. Laurette alikuwa amelishika tonge lile bado, alilolitema, limemkauka kiganjani.

“Lakini sisi tulikuwa tunakula ile ile bukari,” akasema polepole. “Hatukuugua.”

“Mama alikuwa akila nini mboga ikipatikana?”

Ndipo akalia. Hakulia kwa sauti, mabega tu. “Alikuwa anatuachia,” akasema. “Mboga yote alikuwa anatuachia. Anasema ameshiba.”

Nilimsogelea nikamshika mgongo. Ningemchukia kama ningekuwa na nguvu. Christophe alikuwa bado ameketi vilevile, viwiko mezani.

“Na wewe ulikuwa wapi?” nikamuuliza.

“Nilikuwa pale.”

“Ulisema nini?”

“Sia...”

“Siku Hadassa anatolewa, ulisema nini?”

“Nilimbebea valizi yake ya nguo mpaka barabarani,” akasema. “Ilikuwa nzito. Kwao Likasi ni mbali. Nilimlipia lori.”

Jinsi alivyolisema! Kama mtu anayetoa zawadi iliyofungwa vizuri. Miaka kumi na tatu alikuwa akijitunzia hilo, kwamba alibeba valizi. Na kibaya zaidi ni kwamba namjua. Aliibeba kwa uangalifu, akihakikisha haigongi miguu ya mwenye nayo. Mwaka 2004 nilipougua homa ya matumbo alininywesha uji kwa kijiko siku kumi na moja, akapuliza kila kijiko. Mtu huyo ndiye huyohuyo. Sikuwa na wawili wa kuchagua.

“Uliamini kwamba amemwekea mama sumu?”

“Hapana,” akasema.

Laurette aliinua kichwa kama amepigwa. “Haukuamini? Na ukaniacha mi niseme yale maneno yote?”

“Ulikuwa mkubwa, Ya Laurette. Ningesema nini?”

Laoban alichukua ile sahani ya bukari, akaimwaga, akarudi na chai, akaweka vikombe vitatu, akaingia jikoni. Laurette akajifuta uso, akavaa viatu, akajikusanya kuwa dada mkubwa tena.

“Bon,” akasema. “Sikia, Sia. Wewe ni mwanamke ya akili. Mi nimekukubali. Vraiment, nimekukubali. Utaingia kwetu vizuri, nitakushika mukono mi mwenyewe.”

“Asante, wifi.”

“Ila hii maneno ya Hadassa tuiache hapa hapa. Mama ana tension, roho yake ni dhaifu. Alishasahau. Tumurudishie kidonda juu ya nini? Yule alishaolewa pale Likasi, nasikia. Ana maisha yake.”

“Watu wa Likasi wanamwitaje?”

Sote tulijua. Mwanamke akishaitwa mchawi, jina hilo humtangulia kila anapokwenda kuchota maji.

Nikamtazama Christophe. Nikamsubiri. Sijawahi kumsubiri mtu namna ile; kila kitu ndani yangu kilikuwa kimesimama upande wake, kinamsihi afungue mdomo. Sema neno moja, mpenzi wangu. Moja tu, nami Jumamosi nitapanda ndege hiyo hata miguu ikiwa imevimba namna gani.

“Ya Laurette ana haki,” akasema. “Tutaona mbele, chérie. Kwanza tufike.”

Simu yake ikalia mara moja, ikakata. Mama alikuwa amebipu. Lubumbashi ilikuwa asubuhi. Alikuwa ameamka na hamu ya hukumu.

Christophe akakwangua kadi, akabonyeza tarakimu zile nyingi, akapiga. “Allô, Mama? Eh, tuko muzuri. Eh, tumekula. Ya Laurette iko hapa.” Akamtazama dada yake. Dada yake akatikisa kichwa kukubali. “Amekubali, Mama.”

Na kutoka kwenye kile kisimu, kwenye mgahawa ule uliolowa, vikatoka vigelegele. Bibi kizee mmoja, peke yake, anapiga vigelegele kwa ajili yangu. Nilikuwa nimeshafikiria siku hiyo mara ngapi?

“Anataka kukusalimia,” Christophe akasema. Akaziba simu kwa kiganja, akasogea karibu, karibu kiasi cha kunusa ile sabuni yake ya ndimu. Macho yake yalikuwa mekundu. “Nakuomba. Usiseme kitu.”

Nikaipokea simu.

“Shikamoo, Mama.”

“Mutoto yangu! Karibu! Karibu kwetu!”

“Asante, Mama. Kabla hujanikaribisha, nataka tuzungumze habari za Hadassa.”

Christophe aliketi kama aliyekatwa miguu. Laurette alijifunika uso kwa kitenge. Upande wa pili nilisikia jogoo, nikasikia mtu anaburuta ndoo, nikasikia pumzi.

“Mama, upo?”

“Niko.” Sauti ilikuwa imeshuka, imekuwa ya mtu mzima sana. “Hiyo jina hakuna mutu anaitaja hapa kwangu. Tangu siku ile.”

“Ugonjwa ule haukutoka mkononi mwake. Ni mahindi, Mama. Ni kula mahindi matupu. Nina karatasi zake.”

Ile ndoo ikaacha kuburutwa.

“Yule mutoto alikuwa ananiosha vidonda,” akasema mwishowe. “Kila asubuhi. Bale wengine wote walikuwa wanaogopa kunigusa. Kisha nikapona, nikaambiwa ni yeye, na nikanyamaza, juu nilikuwa nafurahi kupona.” Akavuta pumzi. “Jumamosi Christophe anafika?”

“Anaondoka Jumamosi, Mama. Atafika Jumapili.”

“Umwambie asikuje kwangu. Apitie Likasi kwanza. Aende aseme mbele ya batu ya pale, na mi nitamufuata. Na wewe, usikuje naye. Kama hajasema, usikuje kabisa. Umenisikia?”

“Nimekusikia, Mama.”

“Wewe ni mutoto ya nani?”

“Wa Anatory, Mama. Wa Marangu.”

“Umusalimie,” akasema, na simu ikakatika.

Nikamrudishia Christophe simu yake, nikamweleza neno kwa neno, mbele ya dada yake. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Laurette alisimama, akakusanya mifuko yote ya mikoba peke yake, akanikumbatia kwa nguvu bila kunitazama, akatoka kwenda kutafuta teksi.

Tulibaki wawili. Mashati ya kiwanda cha jirani yalikuwa yananing’inia dirishani, hayakauki.

“Nitamwambia nini Hadassa?” akauliza.

“Sijui, Christophe. Lakini useme wewe, kwa mdomo wako.”

“Watanicheka pale Likasi.”

“Watakucheka.”

Aliusogeza mkono wake mezani mpaka vidole vyake vikagusa vyangu. Sikuviondoa vyangu. Nilimtazama usoni muda mrefu, ile mistari ya uchovu pembeni mwa macho, na nilimpenda, na haikusaidia kitu.

“Nikishamaliza huko,” akasema, “utakuja?”

Mgeni wa kwanza wa jioni alikuwa anasukuma mlango. Nikaondoa mkono wangu, nikajifunga aproni upya.

“Ukimaliza, nipigie,” nikasema. “Usibipu.”